Somo la Ushirika: Mpaka Hufungwa na Hesabu Zisizolipwa



Katika ukaguzi huulizwa mara kwa mara: mwanachama wa Kikwajuni, aliyezungukwa na bahari, ana haja gani na habari za mpaka? Jibu ni kwamba mzigo wa Unguja ukiteremshwa Mombasa umekwisha kuvuka mpaka.

Mkataba wa Jumuiya ya Afrika Mashariki wa mwaka 1967 uliziunganisha Kenya, Uganda na Tanzania. Reli, bandari, posta na ndege ziliendeshwa kwa shirika. Idi Amin alipotwaa serikali ya Uganda mwaka 1971, Mwalimu Nyerere alikataa kukaa naye, na kikao cha wakuu wa nchi hizo tatu hakikufanyika tena. Madai ya fedha yakalimbikizana bila ya msuluhishi. Shirika la ndege lilivunjika, na tarehe 4 Februari 1977 Tanzania ikaufunga mpaka wake na Kenya. Wadigo, ambao kwao ni pande zote mbili, wakawa wageni kwa jamaa zao. Mpaka ulifunguliwa Novemba 1983. Mapatano ya kugawana mali na madeni yalitiwa saini Mei 1984.

Tuyatazame hayo kwa jicho la mkaguzi: mkutano haukukaa, hesabu hazikufungwa, chama kikafa. Vyama vyetu navyo hufa hivyo hivyo.

Jumuiya ilifufuliwa kwa mkataba wa Arusha wa tarehe 30 Novemba 1999. Umoja wa Forodha ulianza mwaka 2005, na Soko la Pamoja mwaka 2010. Lakini njia iliyofunguliwa hulindwa kwa karatasi. Bidhaa iliyozalishwa ndani ya Jumuiya, iliyomo katika orodha iliyokubaliwa na isiyozidi thamani ya dola 2,000 za Marekani, hupita kwa cheti rahisi cha uasili. Chama kisichoandika mazao yake kitathibitishaje kuwa mzigo ni wa wanachama wake? Mali bila daftari hupotea bila habari.

Basi kila katibu ahakikishe:

1. Mazao ya kila mwanachama yanaandikwa siku yanapopokelewa.
2. Cheti kinapatikana kabla ya mzigo kupakiwa.
3. Mikutano inafanyika kwa wakati wake, hata wajumbe wakikosana.

Swali la kujadili: Je, katika chama chenu ni deni gani ambalo hakuna anayethubutu kulitaja mkutanoni?