Je, Muumba Yupo? Jawabu la Suali Lililotoka Kianyaga

Darasa yetu ya leo imetokana na suali alilotuletea kijana mmoja, mwana wa mji wetu, mwenye duka huko Kianyaga katika Kirinyaga, chini ya Mlima Kenya. Jina lake hatulitaji. Asema kuwa majirani zake ni Wakristo, naye yu nao kwa wema. Lakini ana rafiki asiye na dini kabisa, na rafiki huyu amemwambia maneno matatu yaliyomnyima usingizi. La kwanza, kwamba kisichoonekana hakisadikiwi. La pili, kwamba mtu huwa Muislamu kwa kuwa alizaliwa Mombasa, na huwa Mkristo kwa kuwa alizaliwa Kianyaga. Basi dini ni jambo la mahali tu, si la ukweli. La tatu, lau kungekuwa na Mungu mwenye rehema, isingekuwako misiba hii tuionayo. Kijana akaongeza kuwa alipomuuliza mzee mmoja, alikaripiwa na kuambiwa alete istighfari na anyamaze.

Wala asidhani mtu kuwa hili ni suali la mtu mmoja. Katika hesabu ya watu wa Kenya ya mwaka 2019, Waislamu walioandikwa walikuwa 5,152,194, na walioandikwa kuwa hawana dini walikuwa 755,750. Na mwaka 2016 jumuiya ya wasioamini Mungu iliandikishwa rasmi nchini. Maneno haya yasemwa sokoni, skulini na katika simu za watoto wetu. Tukinyamaza sisi, watajibiwa na wengine.

Kuuliza si kukufuru

Twaanza na yule mzee aliyekaripia. Qurani yatusimulia kuwa Nabii Ibrahim alimuomba Mola wake amuonyeshe jinsi anavyohuisha wafu, si kwa kuwa hakuamini, bali apate kutulia moyo. Naye hakukaripiwa, alionyeshwa. Na Imamu Ghazali, ambaye hapana mwanachuoni asiyemjua, ameeleza mwenyewe kuwa alishikwa na shaka kwa muda wa karibu miezi miwili, hata akawa hayaamini macho yake. Akasema moyoni: jicho laona kivuli kimesimama, kumbe chaenda, laiona nyota ndogo kama dinari, kumbe ni kubwa kuliko ardhi. Ikiwa Ghazali aliuliza, kijana wa dukani ana aibu gani? Shaka ni kama homa: haiponi kwa kumpiga mgonjwa, yapona kwa dawa.

Neno la kwanza: "Kisichoonekana hakisadikiwi"

Kijana wetu akitoka nje ya duka lake asubuhi isiyo na mawingu auona Mlima Kenya, wenye urefu wa mita 5,199, na theluji kileleni. Basi na ajue kuwa mlima huu wenyewe ulikuwa na wakanushaji wake. Mmishonari Krapf, aliyekuwa akikaa Rabai, hapa karibu nasi, aliuona kutoka Ukambani tarehe 3 Disemba 1849. Mwaka uliotangulia mwenziwe Rebmann alikuwa ameiona theluji ya Kilimanjaro. Habari zao zilipofika Ulaya, wako wanavyuoni waliozikataa. Mmoja wao, Cooley wa London, mtu mwenye vitabu vingi aliyeandika mengi juu ya Afrika bila ya kuukanyaga mlima wowote wa nchi hizi, alishikilia kuwa theluji haiwezi kuwako kwenye jua kali la ikweta. Jee, theluji iliyeyuka kwa kukanushwa kwake? Ilibaki pale pale ilipokuwa, na Wakikuyu na Wakamba wakiitazama kila siku. Mwaka 1899 Mackinder alikifikia kilele, na ubishi ulikuwa umekwisha zamani.

Mtu aweza kusema: "Lakini mlima waweza kwendewa ukaonekana, na Mungu haonekani." Ni kweli, nasi hatusemi kuwa Muumba ni kama mlima, kwani hafanani na chochote. Tutakalo katika mfano huu ni jambo moja tu: kwamba kutoona si hoja ya kutokuwako. Anayetaka kukanusha yampasa alete dalili nyingine.

Na sisi twaamini kwa dalili gani? Natumwangalie mkulima wa Garsen, kwenye Mto Tana. Mvua haijanyesha kwake kwa miezi, na mbingu ni nyeupe. Mara mto wajaa, maji mekundu yaingia mashambani. Mkulima huyu hajapata kufika Kianyaga, wala hajui kuwa mito ya Thiba na Nyamindi, inyweshayo mpunga wa Mwea, yateremka kutoka mlima ule na kuyatia maji yake katika Tana. Lakini hasemi, "Maji haya yamejileta." Asema, "Kumenyesha bara," kisha awahamisha watoto wake na kuuvuta mtumbwi wake. Ameona athari akajua sababu, na yakini yake yatosha kuokoa roho. Wala hapana mwenye akili amwambiaye kuwa amesadiki upuuzi.

Sasa natufuate maji yale kwenda juu. Maji ya Kipini, uingiapo mto baharini, yatoka Garsen. Ya Garsen yatoka milimani. Ya milimani yatoka mawinguni. Ya mawinguni yatoka baharini kwa nguvu za jua. Na jua lapata wapi nguvu zake? Kila kimoja chapokea kwa chengine, na hapana hata kimoja kilicho na chake mwenyewe. Mfano wake ni watu waliopanga safu, kila mmoja asema, "Nimekopa shilingi hii kwa aliye nyuma yangu." Safu ikiwa ya watu kumi au ya watu elfu, mahali fulani lazima awepo aliye na shilingi yake mwenyewe, ama sivyo, shilingi isingefika mkononi mwetu. Na ulimwengu umetufikia. Basi yuko Mwenye kutoa asiyekopa.

Rafiki atauliza: "Na Mungu kaumbwa na nani?" Jawabu ni kuwa hatukusema kila kitu kina muumba. Tumesema kila chenye kukopa kina wa kumkopesha. Aliye na chake hakopi, na kuuliza alikopa kwa nani ni kusahau maana ya maneno yetu.

Wataalamu wa nyota wa leo wasema kuwa ulimwengu tuujuao umekuwa ukipanuka kwa kiasi cha miaka bilioni 13.8. Habari hii hainyimi imani kitu, bali yaelekea upande wetu. Lakini hatupendi kuifunga itikadi kwenye elimu ambayo yaweza kuongezewa au kurekebishwa kesho. Hoja ya safu yasimama, uwe ulimwengu una umri mkubwa au mdogo. Na mlima wenyewe watoa ushahidi, kwani barafu zake zimepungua sana tangu zama za Mackinder, nazo zaendelea kupungua. Nabii Ibrahim alizitazama nyota, mwezi na jua, na vilipotua akavikataa kuwa mola. Kinachotua na kinachoyeyuka hakifai kuabudiwa, na chenyewe chahitaji wa kukisimamisha.

Neno la pili: "Dini ni mahali ulipozaliwa"

Hapa rafiki amechanganya mambo mawili: njia mtu aliyoipatia habari, na ukweli wa habari yenyewe. Mtoto wa Kianyaga amejua kuwa mlimani kuna theluji kwa kuwa alizaliwa pale na wazee wake walimwambia. Mtoto wa Lamu hakuijua. Jee, theluji ni uwongo kwa kuwa mmoja aliirithi na mwengine hakuirithi? Kadhalika huyo rafiki: lau angezaliwa miaka mia tano iliyopita katika nchi yake, huenda asingekuwa mkanushaji. Basi hoja yake, kama yavunja imani yetu, yavunja na ukanushaji wake.

Tena na aangalie wazee wa nchi hiyo hiyo anayokaa. Kabla ya mmishonari kufika, wala mwalimu wa Kiislamu, Wakikuyu walikuwa wakimuomba Mungu mmoja, wakimwita Ngai na Mwene Nyaga. Jomo Kenyatta, katika kitabu alichokichapisha London mwaka 1938, ameeleza kuwa kwa itikadi yao Ngai hana baba wala mama, wala haonekani na macho ya watu. Waliomba wakielekea mlima, na walichinja chini ya mti wa mugumo wakitaka mvua. Ibada ya namna hiyo sisi hatuikubali, wala hatuisifu. Lakini asili ya itikadi ile ni ushahidi mkubwa. Watu wasio na Msahafu wameinua nyuso zao wakajua yuko Mmoja aliye juu ya vyote. Hiyo ndiyo fitra. Mahali humfundisha mtu namna ya kuomba. Lakini haja ya kuomba yapatikana kila mahali.

Na juu yako wewe kijana kuna wajibu: usibakie Muislamu wa kurithi. Uliloletewa na wazazi lipime kwa akili yako, ulishike kwa yakini.

Neno la tatu: misiba

Neno hili ndilo zito, na mwenye kulijibu kwa wepesi hajafiwa. Hatudai kujua hekima ya kila msiba. Katika Sura ya Kahf, Nabii Musa aliona jahazi la maskini likitobolewa akakasirika, na ghadhabu yake ilikuwa ya haki kwa alichokiona. Lakini hakuwa ameona yote. Ikiwa Nabii alifichwa, sisi ni nani?

Ila na tuseme mambo mawili. Kwanza, mwenye kusema, "Msiba huu ni dhulma," amekiri kuwa iko haki iliyo juu ya watu wote. Na aliyekanusha Muumba yampasa atueleze kipimo hicho amekitoa wapi. Pili, misiba mingi ni kazi ya mikono yetu. Mwaka 2023, huko Shakahola katika Kilifi, ilifukuliwa miili zaidi ya 400, ya watu waliosemekana kufundishwa kufunga mpaka wafe ili wamuone Mungu. Baada ya habari ile, wako walioichukia dini yote. Lakini lililowaua ni kuzimwa kwa akili, na dini ya haki haizimi akili.

Nasi tusiwanyoshee vidole wengine. Mwalimu auzaye hirizi kwa mgonjwa, tajiri anayeswali safu ya mbele na kupunja mizani, mlezi wa yatima anayekula mali ya yatima: hawa hawakuandika kitabu cha kumkanusha Mungu, lakini wamewatia watu shaka kuliko vitabu. Kijana haangalii hoja zetu tu, atuangalia sisi.

Nasaha

Basi ewe ndugu yetu wa Kianyaga, usimkimbie rafiki yako wala usimtukane. Mwambie uliyoyasoma hapa, umsikilize naye, na lile usilolijua sema hulijui. Jua pia kuwa hoja yakufikisha mlangoni tu: yakuonyesha kuwa Muumba yuko. Kumjua kwa rehema zake ni kwa wahyi, kwa swala na kwa kutenda mema. Pima mizani yako sawa, ili mnunuzi wa Kianyaga asiyejua neno moja la Kiarabu apate kuona athari, naye aulize sababu yake.

Na nyinyi wazee wetu, kijana akikuulizeni, mpeni kiti.

Mwenyezi Mungu atupe sote yakini, na Yeye ndiye Ajuaye zaidi.