Daraja la Bandari ya Sydney: Somo kwa Msafiri

Katika nchi ya Australia uko mji mkubwa uitwao Sydney. Bahari imeingia ndani ya nchi kwa mikono mingi, na mji umekaa pande zote mbili za maji. Kutoka ng'ambo ya kusini hadi ng'ambo ya kaskazini umesimama upinde mmoja mkubwa wa chuma cha pua, rangi yake kijivu. Hilo ndilo Daraja la Bandari ya Sydney. Wenyeji, kwa utani, hulifananisha na kitundikio cha koti.

Huenda baadhi yenu, wasomaji, mkafika huko siku moja kwa masomo au kwa kazi, na wengine mtaliona katika picha tu. Kwa wote ni vema kulijua, maana kutazama bila kujua ni sawa na kuhesabu kurasa za kitabu na kudhani umekisoma. Basi na tujiulize maswali matatu: Kwa nini lilijengwa? Kwa nini halianguki? Na ni nani aliyelipa gharama yake?

KABLA YA DARAJA

Zamani pwani ya kusini ilikuwa ya watu waitwao Gadigal, na pwani ya kaskazini ilikuwa ya watu waitwao Cammeraygal. Walivuka maji kwa mitumbwi ya magome ya miti. Waingereza walifika kukaa mwaka 1788. Mwaka 1815 Francis Greenway, mjuzi wa kuchora majengo aliyepelekwa huko akiwa mfungwa, alitoa shauri kwamba daraja lijengwe. Shauri lake lilikaa zaidi ya miaka 100 bila kutimizwa.

Wakati huo wote watu walivuka kwa vyombo vya majini. Aliyetaka kupita nchi kavu alizunguka kiasi cha kilomita 20 na kuvuka madaraja matano. Mji ulipokua, vyombo vilijaa watu asubuhi na jioni, na upande wa kaskazini ukabaki nyuma.

Mtu aliyelishikilia jambo hili bila kuchoka ni injinia wa serikali, John Bradfield. Kazi ilianza mwaka 1923, na mwaka 1924 kampuni ya Dorman Long ya Middlesbrough, Uingereza, ilipewa mkataba. Mchoraji wa hesabu za kampuni alikuwa Ralph Freeman. Mpaka leo watu hubishana ni yupi kati ya wawili hao astahiliye sifa zaidi. Hayo ni mabishano ya kawaida katika kazi kubwa: kazi ikiharibika haina mwenyewe, ikifanikiwa ina wenyewe wengi.

KWA NINI HALIANGUKI?

Upinde huu una urefu wa meta 503 kutoka mguu hadi mguu, na ncha yake ya juu iko meta 134 juu ya bahari. Katikati hapana nguzo hata moja, kwa sababu meli kubwa hupita hapo. Basi ni kitu gani kinachoubeba?

Fanyeni jaribio hili darasani. Wavulana wawili wasimame wakitazamana, wanyoshe mikono juu, wagusanishe viganja, kisha kila mmoja arudishe miguu nyuma kidogo kidogo huku akimwegemea mwenzake. Hao wamekuwa upinde. Mkiweka mzigo mdogo juu ya viganja vyao, hautaanguka. Lakini tazameni miguu: inataka kuteleza nyuma. Mtu mwingine akiweka mguu wake nyuma ya visigino vyao, upinde utasimama imara.

Sasa mmejua siri ya daraja. Uzito wa upinde hausukumi chini tu, husukuma na nje pia. Kwa hiyo kila mguu umewekwa juu ya egemeo kubwa la chuma, na nyuma ya egemeo kuna zege lililochimbiwa ndani ya mwamba. Maegemeo ni manne, na kila moja liliwekwa ili lihimili msukumo wa tani 20,000 hivi. Mwamba wa Sydney ndio mguu wa rafiki uliowekwa nyuma ya kisigino.

Na ile njia ya magari na treni? Hiyo imening'inia. Imetundikwa kwenye upinde kwa vyuma virefu, kama mizigo iliyofungwa kwenye mti. Chini yake meli yenye kimo cha karibu meta 49 hupita bila kugusa.

Msafiri ataona pia minara minne mirefu ya mawe ya matale, miwili kila upande, yenye kimo cha meta 89. Kila mgeni hudhani kwamba ndiyo ibebayo daraja. Sivyo! Sehemu ya chini ya jengo hilo hupokea msukumo wa upinde, lakini minara yenyewe imewekwa zaidi kwa ajili ya sura, ili macho ya watu yapate kutulia. Linganisheni na daraja jipya la Mto Nile pale Jinja, lililofunguliwa mwaka 2018. Pale njia imeshikwa na kamba za chuma zitokazo katika minara, kwa hiyo ukiondoa minara daraja halipo. Madaraja mawili, minara kwa minara, lakini kazi zake ni mbali mbali. Tusiamini macho kabla ya kuuliza.

LILIVYOJENGWA

Turudi kwa wavulana wetu wawili. Wakiwa wameshikana ni imara. Je, kabla ya kushikana? Kila mmoja akiinama peke yake ataanguka kifudifudi, ila ashikwe shati kwa nyuma. Hivyo ndivyo mafundi walivyofanya. Kila nusu ya upinde ilijengwa kutoka pwani yake kuelekea katikati, nayo ilivutwa nyuma kwa kamba 128 nene za chuma zilizopitishwa katika shimo lililochimbwa ndani ya mwamba mfano wa kwato ya farasi.

Vyuma vilikatwa na kutobolewa katika karakana pale Milsons Point, upande wa kaskazini. Kisha vilipakiwa katika matishali, vikapelekwa chini ya mahali vitakiwapo, vikainuliwa na winchi kubwa zilizotambaa juu ya upinde kwa kadiri ulivyorefuka. Winchi ilijenga mbele yake, kisha ikasogea juu ya kile ilichokijenga.

Mwezi wa Agosti 1930 mikono miwili ilikaribiana. Mafundi walianza kulegeza kamba polepole, usiku na mchana, ili nusu zile mbili zishuke kwa pamoja. Tarehe 19 Agosti 1930, saa nne usiku, zilikutana. Asubuhi yake bendera zilipepea juu, na watu wa mji wakajua ya kuwa upinde umeshikana.

Vyuma viliunganishwa kwa ribiti, yaani misumari minene ya chuma isiyo na ncha. Mtu mmoja aliipasha moto mpaka ikawa nyekundu, akaitupa hewani kwa koleo. Mwingine akaidaka kwa ndoo. Wengine wakaitia tunduni na kuigonga ingali moto. Ilipopoa ilikaza. Ribiti kubwa kabisa ilikuwa na uzito wa kilo tatu na nusu. Zote pamoja zilikuwa kiasi cha milioni 6. Haba na haba hujaza kibaba. Huko ilijaza tani 52,800 za chuma cha pua.

Chuma hupanuka kwa joto, kama tulivyojifunza katika sayansi. Siku ya jua kali ncha ya upinde huweza kupanda sentimeta 18 hivi. Maegemeo yale manne yana bawaba, ili upinde upate kupumua bila kupasuka.

Mwezi wa Februari 1932 daraja lilijaribiwa kwa kupangwa injini 96 za garimoshi juu yake. Halikutetereka. Tarehe 19 Machi 1932 lilifunguliwa mbele ya umati mkubwa. Kabla waziri mkuu wa jimbo, Jack Lang, hajakata utepe, mtu mmoja aitwaye Francis de Groot, aliyekuwa adui wa siasa yake, alitokea juu ya farasi akaukata kwa upanga! Alikamatwa, utepe ukafungwa tena, na Lang akaukata. De Groot alitozwa faini ya paundi 5. Siku hiyo alikuwako pia mvulana wa miaka tisa, Lennie Gwyther, aliyepanda farasi wake mdogo kutoka jimbo la Victoria, safari ya kiasi cha kilomita 1,000, akiwa peke yake, ili ashuhudie ufunguzi.

NI NANI ALIYELIPA?

Swali hili la tatu wasafiri wengi hawaliulizi.

Kwanza walilipa wafanya kazi. Watu 16 walikufa katika kazi hiyo. Si wote walioanguka kutoka juu. Wengine waliumia katika karakana na katika machimbo ya mawe. Walitembea juu ya vyuma vyembamba bila kamba ya kuwashika. Mmoja wao, Vincent Kelly, alianguka majini mwaka 1930 kutoka kimo cha zaidi ya meta 50. Alijitahidi kuingia majini miguu ikitangulia, akapona, naye alivunjika mbavu tu. Wengine hawakuwa na bahati yake.

Pili walilipa maskini wa mji. Mamia ya nyumba zilibomolewa ili kupata njia ya daraja. Wenye nyumba walipewa fidia, lakini wapangaji walitolewa mikono mitupu. Kwao daraja halikuwa njia ya kwenda nyumbani. Lilikuwa sababu ya kukosa nyumba.

Tatu walilipa wavukaji. Fedha zilikuwa za mkopo, na deni la ujenzi lilimalizika mwaka 1988. Mtoto aliyezaliwa mwaka wa ufunguzi alikuwa na miaka 56 lilipokwisha. Lakini tuseme na upande wa pili. Miaka ile ilikuwa ya shida kubwa duniani, na mwaka 1932 karibu theluthi moja ya wafanya kazi wa Australia hawakuwa na kazi. Daraja lililisha jamaa nyingi wakati ule wa njaa. Mizani ina vitanga viwili, na msomaji mwenye haki huvitazama vyote.

Tena kuna jambo la karibuni. Tarehe 28 Mei 2000 watu kiasi cha 250,000 walitembea juu ya daraja kuonyesha kwamba wanataka mapatano na wenyeji wa asili wa nchi. Tangu mwaka 2022 bendera ya wenyeji hao hupepea juu ya upinde daima, pamoja na bendera ya taifa.

SHAURI KWA MSAFIRI

Ukifika Sydney, usiridhike na kulipita daraja ndani ya gari. Anzia mtaa wa zamani uitwao The Rocks, upande wa kusini, upande ngazi, ushike njia ya waendao kwa miguu iliyo upande wa mashariki. Haina malipo, magari yaendayo kusini ndiyo yatozwayo ushuru. Upande wa magharibi ni wa baiskeli. Kati yake kuna njia nane za magari na reli mbili. Njia mbili katika hizo zilikuwa za tramu mpaka mwaka 1958.

Ukifika mnara wa kusini-mashariki, lipa kiingilio upande ngazi 200, uone vitu vya wakati wa ujenzi. Chini yako utaiona Nyumba ya Opera, iliyofunguliwa mwaka 1973, na vyombo vya abiria vikienda na kurudi kutoka Circular Quay, daraja halikuvimaliza. Mwenye fedha na moyo mgumu anaweza kupanda upinde wenyewe pamoja na kiongozi. Ruhusa hiyo ilianza mwaka 1998. Endelea hadi Milsons Point, kisha urudi kwa chombo cha majini ulitazame daraja kutoka chini. Hapo uziangalie ribiti. Kila kichwa cha ribiti ni mkono wa mtu aliyeidaka na mwingine aliyeigonga, na majina yao hayakuandikwa juu ya chuma.

MASWALI YA KUJIJARIBU

1. Kwa nini upinde husukuma nje wala si chini tu? Eleza kwa kutumia wavulana wawili.
2. Kamba 128 za kila upande zilikuwa na kazi gani, na kwa nini hazikuhitajiwa tena baada ya Agosti 1930?
3. Minara ya Sydney na minara ya daraja la Jinja zinatofautianaje kwa kazi?
4. Kama ungekuwa katika baraza lililoamua njia ya daraja, ungewafanyia nini wapangaji wa zile nyumba? Toa sababu zako.
5. Tafuta daraja lolote karibu na kwenu. Uliza lilijengwa lini, uzito wake unabebwa na nini, na ni nani walioshika kazi. Andika kurasa mbili.