Titi Limebaki, Matibabu Hayajaisha

Mwanamke mwenye saratani ya titi ya hatua za mwanzo akitolewa uvimbe na titi likabaki, akapata na mionzi, uwezekano wake wa kuishi ni sawa na wa aliyekatwa titi zima. Hilo lilithibitishwa Marekani katika utafiti ulioongozwa na Dkt. Bernard Fisher, uliotoa matokeo ya miaka 20 mwaka 2002. Usimsikilize anayekutisha kwamba ulipaswa kukatwa lote.

Utafiti huohuo ulionyesha jambo jingine. Kati ya kila wanawake 100 waliotolewa uvimbe bila kupigwa mionzi, saratani iliwarudia 39 kwenye titi lilelile. Kwa waliopigwa mionzi, ni 14.

Ndiyo maana kukosa mionzi ndiko kunakotutia hofu kubwa zaidi. Mionzi hutolewa karibu kila siku kwa majuma kadhaa, na mama anayetoka Songea kwenda hospitali ya saratani ya Ocean Road, Dar es Salaam, anahitaji nauli, pa kulala na mtu wa kumwachia watoto. Yazungumzeni hayo nyumbani na kwa daktari kabla ya upasuaji. Ikiwa mionzi haitapatikana, huenda kukatwa titi zima ndiko kutakakokufaa.

Uliza majibu ya maabara

Uvimbe ukishatolewa, maabara huupaka wino upande wote wa nje, kisha huukata vipande vyembamba na kuvitazama kwa hadubini. Seli za saratani zikionekana zimegusa wino, huenda nyingine zimebaki mwilini. Hatari ya saratani kurudi kwenye titi huongezeka takriban maradufu, na mara nyingi mgonjwa hurudishwa chumba cha upasuaji kuongezewa mkato. Ni haki yako kuuliza: “Daktari, kingo zimetoka safi?”

Umri chini ya miaka 40, saratani iliyofika kwenye mishipa au tezi za kwapani, seli zinazokua kwa kasi, na aina isiyo na vipokezi vya homoni wala protini ya HER2 kwa wingi, vyote huongeza hatari. Huwezi kuvibadili, wala si kosa lako. Humsaidia daktari kukupangia dawa.

Vidonge vya miaka mitano

Kama saratani yako inachochewa na homoni, utapewa tamoksifeni au dawa nyingine ya kuzuia homoni kwa angalau miaka 5. Wapo wanaoacha njiani kwa sababu ya joto la ghafla na jasho la usiku, au kwa kujiona wamepona. Kuacha huko kunairudishia saratani nafasi. Dawa ikikusumbua, sema kliniki. Madhara hayo yanaweza kupunguzwa, au dawa ikabadilishwa.

Fanya mamografia kila mwaka. Ukigusa uvimbe karibu na kovu, ukaona ngozi imebonyea, chuchu imeingia ndani au inatoa damu, usingoje tarehe yako ya kliniki. Nenda hospitali wiki hiyohiyo.