Moshi Unaorudishwa Injinini: Jinsi ya Kutambua Hitilafu Zake

Tuchukue mfano wa gari dogo la mizigo lenye injini ya dizeli, lililofikishwa kwa fundi huko Mwembesongo, mjini Morogoro. Dereva aeleza kwamba barabara ya tambarare gari halina neno. Lakini likianza kupanda Uluguru kwenda Mgeta kuchukua mboga, huishiwa nguvu na kutoa moshi mweusi. Fundi akata kipande cha bati, aziba nacho njia ya moshi unaorudi injinini, na gari lapanda. Je, ugonjwa umepona?

Ili kujibu swali hili hatuna budi kufahamu kwanza kwa nini moshi urudishwe injinini hata kidogo. Hewa tuivutayo ina naitrojeni takriban sehemu 78 katika mia, na oksijeni sehemu 21. Katika halijoto ya kawaida gesi hizi mbili hukaa pamoja bila kudhuriana. Lakini ndani ya silinda ya dizeli ulimi wa moto huweza kupita nyuzi 2,000 za sentigredi, na katika joto hilo naitrojeni huungana na oksijeni na kuwa oksaidi za naitrojeni. Gesi hizi huwasha mapafu na kuwazidishia taabu wenye pumu, na zikipigwa na jua pamoja na mivuke ya mafuta huzaa ozoni karibu na ardhi.

Wahandisi waliona kwamba sehemu ya moshi uliokwisha kuungua ikichanganywa na hewa mpya, oksijeni hupungua, na kabonidayoksaidi pamoja na mvuke wa maji hunywa sehemu ya joto. Ulimi wa moto hupoa, na oksaidi hizo hupungua sana. Mlango wa njia hiyo ni vali ya kurudisha moshi. Hufunguka injini ikifanya kazi nyepesi, wakati hewa ni nyingi kuliko inavyohitajika. Mzigo ukiwa mzito sharti ifunge, kwa kuwa hapo kila chembe ya oksijeni yatakiwa.

Sasa mlima unaeleweka. Moshi wa dizeli una masizi, na masizi yakikutana na mvuke wa oili hufanya utando mzito mweusi ambao huizuia vali isifunge. Kwenye tambarare dereva hatambui lolote, maana hewa ni ya kutosha. Mlimani injini yataka hewa yote, nayo yapewa moshi. Zaidi ya hayo, mtu akipanda mita 1,000 juu ya mji wa Morogoro, hewa yenyewe hupungua uzito kwa takriban sehemu moja ya kumi. Dizeli isiyopata oksijeni ya kutosha haiungui yote. Kaboni iliyobaki ndiyo ule moshi mweusi.

Hata hivyo moshi mweusi pekee si ushahidi wa kutosha. Chujio la hewa lililojaa vumbi, nozeli inayodondosha badala ya kunyunyiza, au bomba la hewa lililopasuka baada ya turbo, yote huleta dalili ile ile. Kwa hiyo fundi na aanze na chujio, kwani ni rahisi kulitazama, kisha mabomba ya hewa, ndipo aifikie vali. Bati lile hapa lina kazi nzuri kama kipimo: likiwekwa kwa muda na moshi ukakoma, vali ndiyo yenye kosa, moshi usipokoma, vali haikuwa peke yake na atafute kwingine. Kosa ni kukiacha kipimo ndani ya gari na kukiita tiba. Vali ifunguliwe, isafishwe masizi, na ikiwa imelika ibadilishwe.

Kwa magari yenye kipimahewa kwenye njia ya kuingizia hewa, kuna njia safi zaidi. Injini ya lita 3 yenye mipigo minne huvuta hewa mara moja katika kila mizunguko miwili. Ikizunguka mara 800 kwa dakika, itavuta takriban lita 3 × 400, yaani lita 1,200 kwa dakika. Iwapo robo ya kiasi hicho ni moshi uliorudishwa, hewa mpya itakuwa lita 900 tu. Basi vali ikiamriwa kufunguka, kipimahewa sharti kionyeshe upungufu. Kisipoonyesha, vali haikufunguka au njia imezibwa na masizi. Ikiamriwa kufunga na hewa isirudi juu, imekwama wazi.

Kuna hitilafu nyingine inayopotosha. Magari mengi yana kipoza moshi kinachopitisha maji ya rejeta. Kikitoboka, maji hupungua pasipo tone kuonekana chini, na bomba hutoa moshi mweupe. Wengi hudhani ni gasketi ya silinda hedi, wakafungua injini nzima kwa gharama kubwa, ilhali kupima kipoza hicho kwa mgandamizo wa hewa kungetosha.

Mwisho, wanafunzi walifikirie jambo hili. Katika magari ya zamani kidogo vali huvutwa wazi na ombwe linalopita katika mpira mwembamba, na springi huirudisha kufunga. Mpira ukipasuka, ombwe hupotea, springi hushinda, na vali hukaa imefungwa daima. Gari halitoi moshi mweusi, halipungui nguvu, na dereva hana sababu ya kwenda gereji. Oksaidi za naitrojeni huongezeka, na nyingi yake ni naitriki oksaidi, isiyo na rangi. Ni kipimo gani kati ya vile tulivyoeleza kitakachoifichua hitilafu hii, na kwa nini bati la fundi haliwezi?