Friji iliyojaa pomoni hukaribisha maradhi

Watu wengi wakishaingiza chakula ndani ya friji na kufunga mlango, huwa hawana wasiwasi tena. Kwao kilichomo humo ni salama, hata kikikaa wiki mbili. Ndiyo maana friji nyingi za nyumbani zimejaa kiasi kwamba ukifungua mlango fungu la dania linakuangukia miguuni, na bakuli la maharagwe ya wiki iliyopita limejificha nyuma ya jagi la maji.

Wiki hii tutaeleza kwa nini msongamano huo ni jambo la afya wala si la unadhifu tu, na jinsi ya kuisafisha na kuipanga friji yako hatua kwa hatua.

Baridi haiui viini

Kwanza, elewa kwamba friji haiui viini vya maradhi. Kazi yake ni kuvipunguzia kasi. Kati ya nyuzi 5 na nyuzi 60 za selsiasi, viini huzaana upesi. Vingine, vikipata joto na unyevu vinavyopenda, huongezeka maradufu kila baada ya dakika 20 hivi. Kwa sababu hiyo ndani ya friji panatakiwa pawe na nyuzi 5 au chini ya hapo, na ndani ya friza nyuzi 18 chini ya sufuri. Kipimajoto kidogo cha friji kitakuonyesha ukweli kuliko kugusa kwa mkono.

Baridi hiyo husambazwa na hewa inayozunguka kati ya vyakula. Ukishindilia friji mpaka juu, hewa hukosa njia. Vyakula vilivyo karibu na barafu huganda, vilivyo mbali hubaki na uvuguvugu, na mashine hunguruma kutwa kucha huku bili ya stima ikipanda. Friji iliyosongamana, basi, inaweza kuwa na taa na sauti ya friji lakini isiwe na baridi ya kutosha.

Tena viko viini visivyoogopa baridi. Kimoja ni bakteria iitwayo Listeria, ambayo huendelea kuongezeka polepole hata ndani ya friji. Kati ya mwaka wa 2017 na 2018, bakteria hiyo iliwapata zaidi ya watu 1,000 nchini Afrika Kusini kupitia soseji nene aina ya poloni, na zaidi ya 200 wakafariki. Kundi kubwa miongoni mwa waliougua lilikuwa la watoto wachanga. Chanzo kilikuwa kiwandani, lakini funzo linaihusu kila nyumba: kadiri chakula kilicho tayari kuliwa kinavyokaa kwenye friji, ndivyo hatari inavyokua. Mama mjamzito aliyeambukizwa anaweza kuhisi homa kidogo tu, kisha mimba ikaharibika. Wazee na wagonjwa wenye kinga dhaifu nao wamo hatarini.

Siku ya kusafisha

Chagua siku iliyo kabla ya kwenda sokoni, wakati friji haina vitu vingi. Kazi hii si ya mama peke yake. Baba na watoto wakubwa wanaweza kusaidia, na ndivyo watakavyojua mpangilio.

1. Zima friji na uchomoe plagi. Toa kila kitu. Nyama, samaki na maziwa vitie ndani ya karai pamoja na barafu, kisha ufunike kwa blanketi zito.

2. Tenga mafungu matatu: cha kutupa, cha kula leo, na cha kurudisha. Chakula kilichopikwa kikizidi siku nne, kitupe. Kuku mbichi na nyama ya kusaga visikae zaidi ya siku mbili. Nyama ya vipande, siku tatu hadi tano. Usionje ili kujua kama chakula kimeharibika. Viini vingi viletavyo ugonjwa havibadilishi ladha wala harufu.

3. Kama friji yako hugandisha barafu, iache iyeyuke yenyewe au uweke sufuria ya maji moto ndani. Usiikwangue kwa kisu. Ukitoboa mfereji uliomo, gesi itatoka na friji itakufa. Usingoje barafu iwe nene kuliko nusu sentimita.

4. Rafu na droo zioshe kwa maji ya uvuguvugu na sabuni. Rafu ya kioo iliyotoka kwenye baridi usiimwagie maji moto kwa ghafla, huenda ikapasuka.

5. Ndani ya friji futa kwa kitambaa kilicholowekwa kwenye lita moja ya maji ya uvuguvugu yenye vijiko viwili vikubwa vya magadi ya kuokea. Magadi huondoa harufu lakini hayaui viini. Kama damu ya nyama au kuku ilimwagika, osha kwanza kwa sabuni, kisha pangusa kwa kijiko kimoja kikubwa cha dawa ya kung'arisha nguo katika lita nne za maji. Kamwe usichanganye dawa hiyo na siki, kwani hutoa gesi yenye sumu.

6. Safisha mpira wa mlango, mahali ambapo ukungu hupenda kujificha. Fungia kipande cha karatasi kwenye mlango kisha ukivute. Kikitoka bila kushikwa, mpira umechoka na baridi inavuja. Mwite fundi.

7. Chungulia nyuma ya friji. Nyingi zina kisahani cha kukingia maji. Kimwage na kukisugua. Mbu aina ya Aedes, wanaoeneza homa ya dengi, huweza kuzaana humo. Wakazi wa Mombasa, ambako dengi ilizuka mwaka wa 2013 na tena 2017, wasikisahau.

Kausha kila mahali, washa friji, na ungoje ipoe kabla ya kurudisha chakula.

Kila kitu na mahali pake

Rafu ya juu weka chakula kilicho tayari kuliwa: kiporo, matunda yaliyokatwa, soseji zilizopikwa. Rafu ya kati ni ya maziwa, mtindi na mayai. Nyama mbichi, kuku na samaki viwe chini kabisa, ndani ya chombo chenye mfuniko. Sababu ni rahisi: maji ya nyama hutiririka kwenda chini, na tone moja likiangukia kachumbari ambayo haitapikwa tena, jamii nzima inaweza kuhara.

Mboga kaa nazo kwenye droo. Sukuma wiki na mchicha zisikae pamoja na nyanya, maembe au parachichi zilizoiva, kwa maana matunda hayo hutoa hewa inayofanya majani kugeuka manjano haraka. Mlangoni ni mahali penye joto kuliko kwingine. Paachie soda, jemu na sosi ya nyanya, si maziwa.

Viazi, vitunguu, ndizi mbichi na parachichi ambazo hazijaiva havina haja ya friji. Viondoe upate nafasi. Vya zamani viweke mbele na vipya nyuma, ili kilichotangulia kuingia ndicho kitangulie kutoka.

Sufuria ya githeri

Kinachojaza friji nyingi ni sufuria kubwa ya githeri au maharagwe iliyochemshwa ili itumike wiki nzima. Kuchemsha mara moja huokoa makaa na gesi, lakini sufuria nzima ikiingizwa ikiwa moto, katikati yake hukaa na joto kwa saa nyingi, nayo hupasha joto vyakula jirani.

Ikalishe sufuria ndani ya karai la maji baridi, koroga, kisha gawanya chakula katika mikebe mifupi yenye mifuniko. Kiingie kwenye friji kabla ya saa mbili kupita tangu kuepuliwa. Kitakacholiwa ndani ya siku tatu au nne kibaki kwenye friji. Kilichosalia kiende kwenye friza, kila mkebe ukiwa na kiasi cha mlo mmoja. Bandika karatasi yenye tarehe.

Uangalifu zaidi unahitajika kwa wali na pilau. Mchele huwa na bakteria iitwayo Bacillus cereus, ambayo mbegu zake hazifi kwa kupikwa. Wali ukilala mezani, mbegu hizo huamka na kutoa sumu ambayo hata kupasha moto hakuiondoi. Kiporo chochote kipashe mpaka kitoe mvuke kote, tena mara moja tu.

Dawa na maziwa ya mtoto

Kama nyumbani kuna mgonjwa wa kisukari, msongamano huu unaweza kumdhuru kwa njia nyingine. Insulini ambayo haijafunguliwa hutakiwa kukaa kati ya nyuzi 2 na nyuzi 8. Ikisukumwa na vyakula mpaka ikagusana na barafu, itaganda, na insulini iliyoganda haifai tena hata ikiyeyuka. Itengee mkebe wake kwenye rafu ya kati, mbali na barafu na mlango, na uwaonye watoto wasiuguse.

Maziwa ya mama yaliyokamuliwa yawekwe nyuma ya rafu, yakiwa na tarehe, yatumike kabla ya siku nne kwisha.

Stima ikipotea

Mnamo Agosti 25, 2023, sehemu kubwa ya Kenya ilikosa umeme kwa saa nyingi. Hali kama hiyo ikitokea, usifungue mlango ovyo. Friji iliyofungwa huhifadhi baridi kwa saa nne hivi. Friza iliyojaa huweza kustahimili saa 48, na iliyojaa nusu saa 24. Friza hupenda kujaa kwa kuwa vitu vilivyoganda hupoza vyenzake. Friji hutaka nafasi. Baada ya saa nne bila stima, nyama, maziwa na vyakula vilivyopikwa vilivyokuwa kwenye friji usivihatarishe. Vitupe.

Jipime

Kabla ya kwenda sokoni wiki hii, fungua friji yako ujiulize: Je, naona ukuta wa nyuma? Je, nyama mbichi iko chini ya kila kitu? Je, najua kila kiporo kiliingia siku gani? Je, dawa ya mgonjwa iko mbali na barafu?

Ukijibu "la" hata kwa swali moja, anza na kitambaa na karai kabla ya kununua chochote.