Kaa Hapo Hapo: Kumfundisha Retriva Kutii Akiwa Mbali

Labrador wako anajua kukaa. Ukiwa jikoni na kipande cha mkate mkononi, ukisema "kaa" yuko kitako kabla hujafunga mdomo. Mpeleke uwanjani, mwache ajitenge nawe hatua ishirini, kisha mwambie neno lilelile. Atageuka, atakuja mbio mkia ukipepea, na atakaa mbele ya viatu vyako akisubiri sifa. Wengi hapo husema mbwa ni mkaidi, au harufu za nje zimemvuruga akili. Mimi naona ametii barabara. Tangu utotoni, kila alipokaa alikuwa mbele yako, uso ameuinua, na chakula kikatoka mkononi mwako. Hivyo ndivyo alivyoielewa amri: nenda kwa mwenye nyumba, weka kitako chini, tazama mkono. Hakuna aliyemfundisha kukaa mahali pengine.

Katika kazi hii nzima shika jambo moja. Umbali haufundishwi kwa kupaza sauti, unafundishwa kwa mahali pa malipo. Mbwa huvutwa na pale anapolipwa. Mlipe miguuni pako naye atakuja miguuni pako. Mlipe pale alipo naye atabaki pale alipo.

Kwa retriva kama Labrador hili lina uzito zaidi kuliko kwa mbwa wengine. Mababu wa Labrador waliwasaidia wavuvi wa Newfoundland, Kanada, na katika karne ya 19 Waingereza wakawazalisha kwa kazi ya kuokota ndege waliopigwa risasi na kuwaleta mkononi mwa mwindaji. Mwaka 1903 Kennel Club ya Uingereza ikawatambua rasmi. Ni mbwa aliyechaguliwa kizazi baada ya kizazi kwa kupenda kurudi kwako. Lakini kazi hiyohiyo ilimtaka asimame ghafla katikati ya shamba kwa mlio wa firimbi, atazame mkono wa bwana wake, kisha aelekee kushoto, kulia au mbele zaidi. Uwezo wote huo anao. Wewe unaanza na ule uliolala.

Kabla hujaongeza hata hatua moja, hakikisha anaijua amri ya karibu kweli. Mwambie "kaa" ukiwa umempa mgongo. Mwambie ukiwa umeketi kitini, mikono mfukoni. Mwambie bila chakula kuonekana popote. Asipoelewa, ujue alikuwa anafuata mkono wako tu, maneno hayajamwingia. Rudi hapo, tengeneza, ndipo uendelee.

Sasa tafuta jukwaa dogo. Kipande cha paleti kilichofunikwa gunia kinatosha, kimo cha shubiri moja, upana wa kumwezesha kukaa na kulala bila kumwachia nafasi ya kutembeatembea. Faida yake ni kwamba mbwa anauhisi mpaka kwa miguu yake mwenyewe: akitoka, anajua ametoka. Siku za mwanzo mpandishe tu, mlipe akiwa juu, mshushe kwa neno moja la ruhusa. "Haya" linafaa; ukishalichagua usilibadilishe. Akianza kulikimbilia jukwaa mwenyewe, simama hatua moja mbele yake useme "kaa". Akikaa, sema "ndiyo!" sekunde ileile, kisha tembea wewe hadi alipo umpe chakula mdomoni. Rudi nyuma hatua mbili. "Lala." "Ndiyo!" Nenda ukampe. Katika somo hili anayetembea ni mwalimu.

Hilo "ndiyo" lina kazi maalumu. Linamwambia kuwa alichokifanya wakati ule ndicho, na malipo yako njiani. Bila hilo, ukichukua sekunde tano kumfikia, atadhani umemlipa kwa kusimama au kwa kunusa gunia.

Itazame miguu yake ya mbele. Mbwa anayetaka kukufuata hutangaza mapema: uzito unahamia mbele, shingo inarefuka, kucha zinaanza kushika ukingo wa ubao. Ukiyaona hayo, piga hatua moja kumwelekea huku umeinua kiganja. Mara nyingi ataurudisha uzito nyuma, na hapo hapo ndipo pa kusema "ndiyo". Ukingoja mpaka ashuke, umechelewa. Mrudishe kimya kimya, bila hasira, na usimlipe kwa kurudishwa.

"Lala" ina tatizo lake, na hapa wengi hukwama kwa wiki nzima bila kujua sababu. Mbwa wengi hulala kwa kutambaa: hutanguliza miguu ya mbele, kiwiliwili kikafuata, na kila wanapolala husogea kidogo kumwelekea aliyewaamuru. Akikaa na kulala mara nne amekwisha shuka jukwaani. Mfundishe kulala kwa kujikunja kinyumenyume. Akiwa amesimama, shika chakula chini ya pua yake, kishushe katikati ya miguu ya mbele, kisha kisukume taratibu kuelekea kifuani. Viwiko vitashuka na kiuno kitafuata pale pale kilipo. Ni kazi ya kuinama na subira, lakini akiizoea hutahangaika nayo tena.

Usipokuwa na jukwaa, mti au nguzo itakufaa. Mfunge kwa kamba fupi iliyoshikizwa kwenye mkanda wa kifuani, usiishikize shingoni, kisha simama nje ya urefu wa kamba hiyo. Hawezi kukujia, kwa hiyo njia pekee ya kulipwa ni kutii alipo. Usimwache hapo peke yake, na usimfunge akiwa na woga.

Ukifika hatua kumi, kwenda na kurudi kunaanza kuchelewesha malipo. Hapa ndipo uretriva wake unapokuwa mali. Chukua mpira, mwamuru akae, sema "ndiyo!", kisha urushe juu ya kichwa chake uangukie nyuma yake. Ajue kwamba mazuri yanatokea mgongoni mwake, mbali nawe. Baada ya siku chache utaona mkao wake umebadilika: badala ya kuinamia mbele akusogelee, anakaa wima, masikio yameinuka, tayari kugeuka. Mpira ukirushwa mbele yake au ukimpa mkononi, utakuwa umeibomoa kazi ya wiki nzima.

Usiongeze umbali kwa mstari mnyoofu. Jaribu hatua tano, kisha tatu, nane, mbili, sita. Mbwa anayeona kila mara inazidi kuwa ngumu hukata tamaa. Na ukiongeza kitu kimoja, punguza vingine. Ukienda mbali, asikae muda mrefu. Ukitaka akae dakika nzima, simama karibu. Ukihamia mahali pengine penye kuku, watoto wanaocheza mpira au kwarara wanaotafuta minyoo kwenye nyasi, anza tena hatua tatu kana kwamba hajui lolote. Akikosea mara mbili mfululizo, gawanya umbali kwa nusu.

Usirudie amri. "Kaa, kaa, kaa jamani, kaa!" humfundisha kwamba neno la kwanza halina maana. Sema mara moja. Asipotii, msogelee nusu ya njia, useme tena mara moja. Na katika miezi ya mwanzo, usimwite aje kutoka pale ulipomwambia akae. Nenda mwenyewe ukamlipe, ukamwachie hapo hapo. Akizoea kwamba "kaa" huishia kwa "njoo", atakuwa anasubiri kuitwa, na anayesubiri kuitwa husogea.

Kuhusu sauti, maneno yetu "kaa" na "lala" yote yamejaa "a", na kwenye upepo, hatua hamsini mbele, konsonanti humezwa. Kwa hiyo mpe ishara za mkono. Kwa kaa, inua mkono mmoja wima kabisa, kiganja kikimwelekea. Kwa lala, anzia juu ushushe mkono mpaka pajani kwa mfagio mpana unaoanzia begani. Macho ya mbwa hunasa kinachosogea kuliko kilichotulia, hivyo ishara ndogo ya vidole haitamfikia. Usivae nguo ya kijani ukiwa umesimama mbele ya ua wa michongoma. Mkono wako utapotelea humo.

Firimbi ni bora zaidi. Wafunzaji wa mbwa wa kuwinda Uingereza hutumia mlio mmoja mrefu kumaanisha simama, kaa, nitazame. Na milio mifupi mfululizo kumaanisha njoo. Nunua ya plastiki yenye namba ya sauti, kama Acme 210½ au 211½, kwa sababu ikipotea utapata nyingine yenye sauti ileile, na kila mtu wa nyumbani anaweza kuwa na yake. Kisha firimbi haina hasira wala hofu. Inalia vilevile hata kama moyo wako unadunda. Kumfundisha, tanguliza mlio, subiri kidogo, ndipo useme "kaa". Mlio mpya utangulie neno analolijua, usije baada yake wala pamoja nalo. Atakapoanza kukaa kabla hujatamka, lidondoshe neno.

Kisha kumsimamisha akiwa anakwenda, somo litakalomwokoa siku lango litakapoachwa wazi. Mvalishe mkanda wa kifuani wenye kamba ya mita kumi, aiburute. Wewe vaa glavu, maana kamba inayochapuka huchoma kiganja. Anza akiwa anatembea taratibu kutoka kwako, akinusanusa bila shabaha. Piga mlio mrefu. Akigeuka na kukaa, mpira uruke nyuma yake kwa shangwe. Akiendelea, kanyaga kamba asimame, mkaribie, jaribu tena kwa umbali mdogo. Mwendo wa polepole kwanza, kisha wa mchakamchaka, kisha mbio. Mbwa anayemfukuza mbuzi ni mtihani wa mwisho kabisa. Usimpe hata siku moja kabla ya wakati, kwa kuwa kila mlio anaoupuuza unaifanya firimbi iwe kelele tu. Wala usimsimamishe mara nyingi akiwa anakuja kwako, la sivyo atakuwa anakuja kwa kusitasita.

Chakula kipimwe. Mwaka 2016 watafiti wa Chuo Kikuu cha Cambridge walionyesha kuwa karibu robo ya mbwa wa Labrador wana hitilafu kwenye jeni iitwayo POMC, inayohusiana na uzito na tamaa ya kula. Huenda hiyo ni sababu mojawapo ya wengi wao kufundishika kirahisi kwa chakula, na pia kunenepa. Toa malipo ndani ya mgao wake wa siku: nusu ya chakula chake kikavu iwe ya mafunzo, na vipande vidogo vya maini ya kuchemsha uvihifadhi kwa kazi ngumu. Kitunguu, zabibu na chokoleti havimfai kamwe.

Wapo watakaokushauri ukanda wa umeme. Wales iliupiga marufuku mwaka 2010, nami naiunga mkono marufuku hiyo kwa moyo wote. Mbwa anayepigwa umeme akiwa hatua hamsini hajui umetoka wapi. Anaweza kuuhusisha na mtoto aliyekuwa akipita, na hofu ya namna hiyo ni vigumu sana kuiondoa.

Fanya mafunzo kabla ya saa mbili asubuhi au jua likianza kupoa. Manyoya ya Labrador yalikusudiwa maji baridi, na kwenye joto la Mombasa au Dar es Salaam hata mchezo wa mpira unaweza kumzidi. Weka mgongo wa mkono juu ya lami kwa sekunde saba. Usipoweza kuvumilia, naye hawezi. Dakika tano zinatosha, mara mbili au tatu kwa siku, na mkirudi mkague kupe masikioni na katikati ya vidole.

Akifikisha umri wa kati ya miezi minane na mwaka mmoja na nusu, huenda siku moja akasikia firimbi, akakutazama, akaendelea na safari yake. Ujana umeingia. Usimpigie kelele wala usilipize. Rudisha kamba ndefu kwa wiki kadhaa, punguza umbali kwa nusu, toa maini badala ya chakula kikavu, na umlipe kila anapotii kama ulivyomlipa siku ya kwanza juu ya paleti.