Huruma ya Mungu Wakati wa Taabu

SOMO LA KIKUNDI. Someni kwanza: Luka 13:1-5.



Usiku wa tarehe 9 Mei 2018, wakati wa mvua kubwa, bwawa la Patel lilibomoka kule Solai, kwa majirani zetu sisi wa Kabazi. Maji na matope yalibeba nyumba, watu wakiwa ndani. Zaidi ya watu 40 walikufa, watoto wakiwemo. Mifugo na mimea ya shambani ikaenda na maji.

Baada ya msiba maneno huwa mengi. Mmoja anasema, "Ni mapenzi ya Mungu, nyamaza." Mwingine ananong'ona, "Lazima kuna kitu walikosea." Maneno kama haya yanamuumiza aliyefiwa mara ya pili.

Yesu anasemaje? Anataja mnara wa Siloamu ulioanguka ukaua watu 18. Je, hao walikuwa na makosa kuliko wengine wa Yerusalemu? Jibu lake ni hapana. Halafu anawageukia wanaomsikiliza: ninyi wenyewe mbadilike. Basi msiba si kipimo cha dhambi ya mtu. Swali si "nani alikosea?" bali "sisi tuliobaki tutafanya nini?"

Tena tukumbuke, bwawa hujengwa na watu na hukaguliwa na watu. Kutumaini huruma ya Mungu hakutuzuii kudai haki na usalama.

Huruma yenyewe tunaiona wapi? Yesu alijua atamfufua Lazaro, lakini kwanza alilia pamoja na wenye msiba (Yohana 11:35). Kule Solai, majirani na Msalaba Mwekundu walichimba matope wakitafuta waliofunikwa. Mungu alikuwa katika mikono ile.

KIKUNDI KINAWEZA KUFANYA NINI?

1. Mtembeleeni aliyefiwa hata baada ya mazishi. Matanga yakiisha watu hutawanyika, na hapo ndipo upweke huanza.
2. Msikilizeni. Si lazima kuhubiri. Mwacheni alie.
3. Msindikizeni kwa chifu na kwenye ofisi kufuatilia hati ya kifo au kitambulisho kilichopotea.
4. Mlimieni shamba siku moja, msimu usimpite.
5. Wekeni akiba ndogo ya dharura, na mweka hazina aisome kila mkutano.

Wengi wetu huenda kuhiji kwa Mama Maria pale Subukia tukiwa na mizigo yetu. Ni vizuri. Tukirudi, tupitie pia kwa jirani aliyebaki peke yake. Huenda sisi ndio jibu la sala yake.

MASWALI YA KUJADILI

- Ni maneno gani yalikusaidia ulipokuwa na taabu? Ni yapi yalikuumiza?
- Nani kijijini kwetu amefiwa mwaka huu na hatujarudi kwake?
- Kuna mahali gani pa hatari kwetu, bwawa, mto au mteremko? Nani atapeleka habari, na lini?

Kabla ya kufunga mkutano, andikeni jina la mtu mmoja wa kutembelewa wiki hii, na wawili watakaokwenda.